Traka ya mali ikiwa mikononi mwa mwizi: ilie au inyamaze?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja ambayo najua itaniletea maadui, hasa kwa mliowahi kuibiwa. Zile traka ndogo, yaani vifaa vya kukuonyesha kwenye simu mali yako ilipo, tunazotumbukiza kwenye mkoba, kufunga kwenye funguo au kuficha chini ya kiti cha baiskeli zisiruhusiwe kunyamaza, hata pale kelele zake zinapomnufaisha mwizi. Anayetaka zinyamaze anaomba kitu ambacho gharama yake italipwa na mtu mwingine kabisa.

Tuanze na namna zinavyofanya kazi, maana naona watu wanabishana wakidhani ndani yake kuna GPS, ile ya kujipima mahali kwa satelaiti. AirTag ya Apple, iliyotoka Aprili 2021, haina. Inarusha mawimbi mafupi ya Bluetooth, basi. Simu ya mpita njia iliyo kwenye mtandao huo huyadaka, huambatanisha mahali ilipo yenyewe, kisha taarifa humfikia mwenye traka. Mpita njia hana habari kwamba simu yake imefanya kazi hiyo. Ndiyo maana kibetri kimoja cha CR2032 kinadumu karibu mwaka mzima: kazi nzito inabebwa na simu za watu wengine.

Kwa mwenye traka na kwa mpita njia, faragha imelindwa vizuri. Utambulisho unaorushwa hewani hubadilika kila mara, na taarifa ya mahali husafiri ikiwa imefungwa kwa msimbo, kiasi kwamba Apple wenyewe wanasema hawawezi kuisoma. Aliyeachwa wazi ni mtu wa tatu, yule aliyebebeshwa traka bila kujua.

Kelele ziliwekwa kwa ajili yake. Mwanzoni AirTag iliyotengana na mwenyewe ilikaa siku 3 ndipo ilie. Juni 2021 muda huo ukapunguzwa, ikawa inalia wakati wowote kati ya saa 8 na 24 baada ya kutengana. Wenye iPhone walipata pia arifa kwenye simu. Wenye Android walisubiri hadi Desemba mwaka huohuo, wakapewa programu ambayo mtu ilibidi aifungue mwenyewe na kuanza kutafuta, yaani uwe umeshaingiwa na wasiwasi ndipo ikufae. Arifa za kujitokeza zenyewe kwenye simu za pande zote mbili, kwa kanuni ambayo Apple na Google waliiandaa pamoja, zilianza Mei 2024. Miaka mitatu.

Sasa shida yenyewe. Traka haimjui mwizi. Inachojua ni kwamba iko mbali na mwenyewe na inasafiri na mtu mwingine. Kibaka aliyepora mkoba, na dada aliyetumbukiziwa traka ndani ya mkoba wake, mbele ya kifaa hiki ni mtu yuleyule. Ukiinyamazisha kwa huyu, umeinyamazisha kwa yule. Mnaosema "itengenezwe akili ya kuwatofautisha" nawaomba mniambie ni alama gani itasomwa, kwa sababu mimi nimeitafuta sijaiona.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, heshima yako, lakini napinga. Nanunua kifaa ili nipate mali yangu ikiibwa. Mwizi anatembea nayo muda fulani, simu yake inamwambia: kuna traka inakufuatilia, bonyeza hapa ilie uione. Anaitoa, anaitupa mtaroni. Hapo nimenunua kifaa cha kumtahadharisha mwizi kwa hela yangu.

Halafu huyo mviziaji unayemhofia hana shida na AirTag. Zipo traka za GPS zenye laini ya simu, zinauzwa waziwazi, hazilii na hazitumi arifa kwa mtu. Na hata hizo za kulia, mwaka 2022 zilionekana zikiuzwa mtandaoni zikiwa zimeshatolewa spika. Mwenye nia mbaya ana njia. Mnayemnyang'anya silaha ni mwenye mali.

Serikali nazo zimeona faida. Aprili 2023 meya wa New York, Eric Adams, alitangaza kugawa AirTag 500 za bure kwa wenye magari huko Bronx, kwa sababu wizi wa magari ulikuwa umepamba moto. Kama kifaa hiki ni cha hatari kiasi hicho, mji mzima ungekigawa?

Mleta mada

Hoja ya traka za GPS ndiyo nzito kuliko zote ulizoleta, kwa hiyo nianze nayo. Ni kweli zipo. Lakini angalia tofauti: ile ina laini ya simu inayolipiwa, ina betri inayotaka kuchajiwa au kuungwa kwenye umeme wa gari, na mara nyingi ni kubwa zaidi. Nyuma yake kuna akaunti ya malipo. Hii nyingine unaishona ndani ya pindo la koti, unaiacha mwaka mzima, haina ada ya mwezi. Kuwepo kwa njia ngumu hakunifanyi nifungue njia rahisi.

Na kuna jambo sijaona likisemwa. Ile ya GPS inajitegemea. Hii inategemea simu yangu, simu yako, simu ya huyo dada mwenyewe. Simu ya anayeviziwa ndiyo inayoweza kutuma taarifa za mahali alipo kwa anayemvizia! Kama mtandao huu unaishi kwa vifaa vyetu, basi sisi tunaoubeba tuna haki ya kuweka sharti: simu yangu itakusaidia kutafuta mkoba wako, ila isitumike kunifuatilia bila kuniambia. Sharti hilo sioni kama ni kubwa.

Kuhusu spika kutolewa, hilo linaongeza uzito wa arifa ya kwenye simu, haliupunguzi. Na New York nitairudia, maana mfano ule unanisaidia mimi.

Mchangiaji wa pili

Nyote wawili mnaongea kana kwamba mviziaji ni mtu wa barabarani. Aliye hatari mara nyingi ana ufunguo wa nyumba.

Chukueni mwanandoa anayemfuatilia mwenzake. Traka iko kwenye gari wanalotumia wote. Asubuhi gari linatoka, jioni linarudi, traka inakutana tena na simu ya mwenyewe, saa ya kuhesabu inaanza upya. Ile kelele ya baada ya saa 8 hadi 24 haifiki kamwe. Na kama simu zao ziko kwenye kundi moja la familia, arifa inaweza kuzimwa kabisa. Kwa hiyo hata ulinzi huu ambao mwenye mali analalamika kuwa umezidi, kwa aliye ndani ya nyumba ni mwembamba sana.

Desemba 2022 wanawake walifungua kesi dhidi ya Apple huko California wakidai wenzi wao wa zamani waliwafuatilia kwa AirTag. Machi 2024 Jaji Vince Chhabria alikataa kuifuta yote, akaruhusu baadhi ya madai yaendelee. Sisemi Apple wana hatia. Nasema watu wapo, siyo wa kufikirika.

Na mtakaotaja dawa ya Tile, kampuni nyingine ya traka, naomba niwawahi. Februari 2023 walileta hali ya kuzuia wizi: traka haionekani hata ukiitafuta kwa programu yao. Masharti ni kujisajili kwa kitambulisho cha serikali na kukubali kulipa dola milioni 1 ukitiwa hatiani kwa kumvizia mtu. Inasikika kali. Ila ili atiwe hatiani lazima kwanza mtu aigundue traka, na wao ndio wameifanya isigundulike. Faini imewekwa nyuma ya mlango ambao wameufunga wenyewe.

Kuibiwa kunauma, nimeibiwa mimi pia. Lakini mkuki kwa nguruwe: wengi mnaodai kimya hamjawahi kukaa mkijiuliza amejuaje kwamba nilikuwa hapa.

Mchangiaji wa tatu

Mtaniwia radhi, nadhani mjadala umekwama kwenye arifa. Tuseme mwizi hakuambiwa. Una kidoto kwenye ramani. Unafanya nini nacho?

Mji wa Denver, Marekani, umeonja jibu la swali hilo mara mbili. Agosti 2020 kijana aliyeporwa simu aliifuatilia kwa programu ya kutafuta vifaa, ikamwonyesha nyumba fulani. Yeye na wenzake wakaichoma usiku. Watu watano wa familia moja yenye asili ya Senegali walikufa, wakiwemo watoto wawili wadogo. Hawakuwa na uhusiano wowote na wizi ule.

Januari 2022, mji uleule, safari hii polisi. Gari liliibwa likiwa na silaha na simu ya zamani ndani. Mwenye gari akaitafuta simu, ramani ikachora duara la makisio lililogusa zaidi ya nyumba moja. Polisi wakapata kibali, kikosi chenye silaha kikavamia nyumba ya bibi wa zaidi ya miaka 70 aliyekuwa peke yake. Hawakukuta kitu. Machi 2024 jopo la raia mahakamani likaamuru alipwe dola milioni 3.76.

Zile zilikuwa simu, zinazoweza kujipima mahali zilipo. Traka ya Bluetooth haijipimi. Inaazima mahali pa simu iliyopita karibu, ambayo inaweza kuwa upande wa pili wa ukuta, au ghorofa ya juu, au ndani ya basi lililopita dakika chache kabla. Kwa hiyo mtu wa tatu wa mleta mada siyo peke yake. Kuna wa nne: mwenye nyumba ambayo kidoto kimeangukia.

Mchangiaji wa kwanza

Sawa, mmetisha watu vya kutosha. Bado baiskeli yangu haijarudi.

Mnaongelea makosa ya Denver kana kwamba hakuna mali iliyowahi kupatikana. Imepatikana, mara nyingi tu, na hilo hamlitaji. Pia Google walipoanzisha mtandao wao wa kutafuta vitu Aprili 2024, kwa hofu hiihii ya faragha, waliuweka hivi: usipobadilisha kitu, mahali pa traka hapaonyeshwi hadi simu kadhaa ziwe zimeiona. Matokeo yake watu wakalalamika kwamba vitu havionekani, hasa sehemu zisizo na watu wengi. Faragha ina gharama, na anayeilipa ni mimi.

Basi tukutane katikati. Nipeni muda tu. Arifa icheleweshwe saa chache, nimfikie mwizi kabla hajaambiwa.

Mleta mada

Hapo kwa Google umenibana, sitajifanya haijaniuma. Mfumo ule unalinda watu vizuri, na kama chombo cha kutafutia vitu ulianza ukiwa dhaifu. Anayesema faragha haimgharimu mwenye mali anadanganya.

Ila "nimfikie mwizi" ndiyo kauli inayonitia hofu. Umfikie wewe? Machi 2023 huko San Antonio, Texas, mtu aliyeibiwa gari alilifuatilia kwa AirTag, akamkuta mshukiwa, risasi zikarushwa, mshukiwa akafa. Ndiyo maana polisi wanaotoa ushauri kuhusu traka huwaambia watu wasiende wenyewe. Na hapa narudi Bronx: zile AirTag 500 ziligawiwa ili polisi ndio wafuatilie. Mji ule haukusubiri traka zinyamazishwe. Walichukua zilezile zinazolia, wakaweka mtu upande wa pili wa ramani.

Tazama pia mizigo ya ndege, ambako ugomvi huu karibu haupo. Oktoba 2022 shirika la ndege la Ujerumani, Lufthansa, walisema traka hizi haziruhusiwi kwenye mizigo, siku chache baadaye wakageuka. Mwishoni mwa 2024 Apple wakaleta kiungo ambacho abiria anaweza kulipatia shirika la ndege liuone mkoba ulipo. Kinakufa chenyewe baada ya siku 7, au mkoba ukirudi kwa mwenyewe, au abiria akikizima. Wafanyakazi wa mizigo wanauona, wanaufuata. Mwenye mali amechagua nani aone, kwa muda gani, na anayeona ana wajibu wa kuchukua hatua. Kitu cha namna hiyo kwa polisi, kikiwa kimefungwa kwenye namba ya kesi, kingekusaidia kuliko ukimya.

Kwa gari, pikipiki au mashua, mimi mwenyewe ningefunga ile ya GPS yenye laini, iliyosajiliwa kwa jina langu na kuunganishwa na umeme wa chombo. Mali kubwa inastahili kifaa chake. Baiskeli ndiyo imebaki katikati, nakubali, na sina jibu zuri la baiskeli.

Kuhusu saa chache unazoomba: kumfuata mtu kutoka kazini hadi anakolala hakuhitaji saa nne. Safari hiyo kwa wengi huisha ndani ya saa moja au mbili, na ikishaisha, mviziaji ameshapata alichokuwa anakitafuta. Arifa ya baadaye inamwambia tu aliyefuatwa kwamba anwani yake imeshajulikana.

Mchangiaji wa kwanza

Na polisi wakikaa na hicho kiungo chako wiki nzima bila kukifungua?

Mleta mada

Basi umeibiwa na hujasaidiwa, na malalamiko yako ni ya haki. Lakini yapeleke kwao. Siku nitakapoona kituo cha polisi kinachoahidi kufika kwenye kidoto ndani ya saa moja, huku kikihakiki nyumba kabla ya kugonga mlango, nitakuwa tayari kuzungumza nawe habari ya dakika za kuchelewesha. Leo unaziomba dakika hizo wakati upande wa pili hakuna anayezingoja.

Mchangiaji wa pili

Na hata siku hiyo, mjadili na sisi tulioishi na mwenye ufunguo wa nyumba. Hilo la saa kuanza upya kila jioni bado hakuna aliyenijibu.