Tuliambiwa vifaranga ni madume matupu, tumevuna ndoo sita za dagaa. Wenye mradi wa mabwawa Mtwara mjini, njooni mjibu

Wakuu, nimeingia na hasira, mnivumilie. Mods, naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la kilimo, kule watausoma watu wanne na wote wanafuga kuku.

Sisi ni kikundi cha watu 14 pale Magomeni, Mtwara mjini. Akina mama tisa, vijana wanne na mimi, ambaye sijui mnihesabu upande gani. Mwaka jana likaja shirika moja (jina nalihifadhi, wenyewe wanajijua) na mradi wa ufugaji samaki wa jamii mjini. Wazo lenyewe siligombi. Wa huku mnajua kusi likichachamaa kati ya mwezi wa sita na wa nane feri panakuwaje: mitumbwi midogo haitoki, fungu la changu linapanda bei mpaka unaona bora ukapike kisamvu. Na watumishi waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa kila siku wanaulizia sato. Soko lilikuwepo. Nasema hivi mapema kwa sababu najua kuna mtu atakuja hapa kusema "watu wa pwani hamli samaki wa bwawa". Tunakula. Tatizo hatukupewa samaki.

Tulichimba wenyewe mashimo mawili, mita 10 kwa 5 kila moja. Ardhi yetu ni mchanga, ukimwaga maji asubuhi jioni hayapo, kwa hiyo wakaleta maturubai. Hapo nawapa haki yao, yalikuwa mazito. Maji ya kujaza bwawa moja ni yuniti 50, bili ni juu yetu. Sawa, tukachangishana.

Siku ya uzinduzi ndiyo ilipaswa kutufumbua macho. Vifaranga 2,000 vya sato vilitoka Dar kwa basi la usiku, ndani ya mifuko ya nailoni iliyojazwa oksijeni. Vimefika vimechoka, maji ya ndani ya moto. Mtu yeyote aliyewahi kufuga anajua kinachofuata: mfuko unauelea juu ya bwawa robo saa hivi, halafu unaingiza maji ya bwawa kidogo kidogo mpaka joto lilingane, ndipo unawaachia watoke wenyewe. Kijana wetu mmoja alikuwa amesoma hilo kwenye simu na akalisema. Akajibiwa mgeni rasmi ana ratiba. Mgeni rasmi akashika mfuko, akatabasamu kwenye kamera, akamimina kama anamwaga maji ya kunawia. Makofi. Soda. Fulana.

Asubuhi yake tuliokota maiti kwa chujio la tui. Nilizihesabu mwenyewe: 340.

Na vifaranga 1,000 katika bwawa la mita za mraba 50 ni 20 kwa kila mita! Bwawa lisilo na mashine ya hewa kama letu linashauriwa samaki watatu mpaka watano kwa mita moja ya mraba. Yaani mia na hamsini mpaka mia mbili na hamsini. Nani alipiga hesabu hii? Nitawaambia nani: aliyetaka kuandika "vifaranga 2,000" kwenye ripoti.

Kilichofuata ni kila alfajiri samaki kuja juu kutweta midomo wazi. Usiku mimea ya majini haitengenezi oksijeni, kila kiumbe kinavuta ileile, ikifika saa 11 alfajiri imebaki kidogo kabisa. Mtaalamu wa mradi yeye alikuwa anakuja saa 5 asubuhi, jua limewaka, bwawa limetulia, samaki wanacheza. "Mbona wako vizuri?" Tulimwomba aje alfajiri hata siku moja. Akasema gari la ofisi haliruhusiwi kutembea muda huo. Tukawa tunapokezana kuchota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, mama mzima na miaka yake 60 yuko bwawani kabla ya adhana.

Chakula cha mradi kilikuwa cha miezi miwili tu. Mwezi wa tatu tukaambiwa "sasa mjitegemee". Kile cha punje kinachoelea kinatoka Dar, na nauli ya basi juu yake. Tukachanganya wenyewe pumba za mahindi, mashudu ya ufuta na dagaa wa kusaga. Mpaka mwisho hela yetu ya hisa iliyoteketea ni 980,000.

Mwezi wa nane tukatoa maji bwawa la kwanza. Wakuu, sijui niwaelezeje. Watu wamekuja na mabeseni, mama lishe wawili wameshaweka oda. Maji yanashuka, tunaona tope linachemka. Tukasema alhamdulillahi, wamejaa. Yalipofika magotini ndipo tukaona kinachochemka ni nini. Vidole. Samaki wa urefu wa kidole, maelfu, na wakubwa wachache wa kiganja. Mweka hazina wetu, bibi wa Kimakonde asiyecheka ovyo, alinyanyua kimoja akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni sato au kauzu?"

Kilo 23 tu ndizo zilizouzika. Kwa 8,000 ni 184,000. Toeni kwenye 980,000, na maji sijaweka.

Sababu nimeijua baadaye kwa kuuliza huku na kule. Sato akichanganywa dume na jike anaanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hadi mitano tu. Jike anaatamia mayai mdomoni, muda huo hali, kwa hiyo hakui. Watoto wanatoka wanagombea chakula na wazazi, baada ya wiki chache wanakuja wengine, bwawa linajaa wadumavu. Ndiyo maana wafugaji wanatafuta madume matupu, yaani vifaranga waliolishwa chakula chenye homoni tangu wachanga kabisa, wiki tatu nne za mwanzo. Na sisi kwenye mkataba imeandikwa MADUME. Nimewageuza tumbo wale wa kiganja mmoja mmoja: dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Zaidi ya nusu ni majike. Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nilipopeleka malalamiko nikajibiwa kikundi "hakikuzingatia usimamizi bora" na tulizidisha pumba. Pumba zinamgeuza dume kuwa jike? Wiki iliyofuata nikaonyeshwa ripoti yao kwenye simu: kaya 14 zimenufaika, picha ni ileile ya mgeni rasmi na mfuko.

Kinachoniuma zaidi, Lindi hapo Nyengedi kuna kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji. Mikindani, ambako ni manispaa hiihii, kuna kampasi ya chuo cha uvuvi. Vifaranga vinasafirishwaje usiku kucha kutoka Dar bila hata kuuliza hapa jirani? Au aliyeuza ni shemeji ya mtu?

NYONGEZA: Mkuu hapo chini umeshauri tuwape kambale wale vidagaa. Tumelifikiria, bwawa la pili tunaweza kuweka kambale wachache wapunguze watoto, tena wao wanavuta hewa juu hata maji yakichafuka. Ila waingie wadogo kuliko sato wakubwa, la sivyo watakula mpaka mtaji. Mwenye uzoefu aniambie wangapi kwa bwawa hili.

Mwingine ameuliza tunadai nini. Vifaranga vingine 400, madume kweli, aliyeuza alipwe nusu leo na nusu wakifikisha miezi minne, tukishawageuza tumbo. Na huyo mtaalamu aje saa 11 alfajiri, nitamlipia bodaboda mwenyewe.

Jumamosi tunatoa maji bwawa la pili. Aliye Mtwara aje na ndoo yake, vidagaa ni bure.