Fundi ameua injini yangu mpya ya nitro kwa tangi moja, na bado ananidai hela ya ufundi!

Wakuu, nina hasira tangu Ijumaa na leo lazima niitoe.

Nina bagi ya rimoti ya nitro, yaani kigari cha kuendesha kwa rimoti chenye injini ya mafuta, ile saizi ya 1/8 ya gari halisi. Injini ya zamani ilichoka, nikajibana miezi minne nikaagiza mpya ya 3.5 cc kutoka Dubai. Nilikuwa na safari ya Morogoro, basi nikaiacha kwa fundi mmoja hapa Dar aifunge na kubadilisha beringi za klachi. Nikamwambia mara mbili, kijana wake akisikia: funga tu, usiiwashe, kuizoesha (kuiendesha taratibu matangi ya kwanza) nitaizoesha mwenyewe.

Narudi, ananipokea kwa furaha: "Kaka, nimeshakutyunia, inatembea balaa!" Nikashika flaiwili, nikaizungusha kwa mkono. Ikapita laini kama haina kitu ndani. Moyo ukanidondoka pale pale.

Kwa wasiozijua injini hizi: pistoni haina ringi. Ni ya aluminiamu, silinda ni ya brasi iliyopakwa kromu, na juu imebanwa kidogo makusudi, ili ikishapata moto na kutanuka ndipo pistoni ikae sawasawa. Ikiwa mpya na ya baridi LAZIMA igome juu. Kugoma kule ndiyo kompresheni yenyewe! Yeye, kwa mazoea ya bodaboda, akaona ni kasoro, akafungua na kupiga msasa ndani ya silinda. Amekiri kwa mdomo wake. Kromu ya injini ambayo haijawahi kuwaka hata mara moja unaipigaje msasa?

Halafu akaona moshi ni mwingi, akakaza sindano kubwa ya kabureta, ile inayopima mafuta yanayoingia, mpaka moshi ukakata. Hii ni tustroki, haina sampu ya oili. Oili yote imo humo humo kwenye mafuta, pamoja na methanoli na nitromethani. Ukipunguza mafuta umepunguza na oili, na joto linapanda. Moshi ule ndio ushahidi kwamba pistoni inalainishwa. Akampa kijana, kijana akaipiga resi mpaka mwisho barabarani. Video ninayo, aliiweka statasi. Nyuma ya gari hakuna hata uzi wa moshi.

Tangi la kwanza, jamani! Mimi ningeanza kwa kupasha kichwa cha injini kwa draya ya nywele, niiwashe na mafuta mengi, iungurume papo hapo bila kuongezwa mwendo mpaka tangi liishe, kisha niishushe pistoni chini kabisa ipoe ikiwa huko, maana ikipoa juu silinda inaikaba. Ndipo tangi la pili. Matangi manne, matano, mwendo naongeza kidogo kidogo, sindano naikaza kwa upana wa saa moja tu kwenye uso wa saa, kipimajoto mkononi, isipite nyuzi 120. Ni kazi ya Jumamosi nzima. Jumamosi hiyo niliisubiri miezi minne.

Sasa hivi ikiwa ya baridi inawaka, ikipata moto inazima na haiwaki tena. Plagi nimeifungua, waya wake wa ndani umepindapinda. Na chupa ya mafuta niliyomwachia nimeikuta wazi! Methanoli inanyonya maji hewani, kwa unyevu huu wa Dar mafuta yale ni ya kumwaga, na si kitu unachotumiwa kwa ndege kama viatu.

Juu ya hayo yote ananipigia simu kudai elfu arobaini.

Fundi, najua humu unapita. Pistoni na silinda vinauzwa kwa seti. Nilipie seti hiyo, plagi na mafuta uliyoyaharibu, na elfu arobaini yako utaipata siku hiyo hiyo. Wakuu, mwenye kujua nani hapa mjini ana seti ya 3.5 cc aniambie hapo chini.