Tupeane uzoefu: familia zikihama, pesa ya mtaa inaenda nazo?

Kibosho_Juu: Nimepita dukani kwa mzee wetu huku, rafu nusu tupu. Vijana wako Arusha na Dar, waliobaki ni wazee wa sukari robo. Wa Moshi na Arusha, kwenu mlionaje?

Mama_Genge: Umenitonesha. Nilikuwa na genge Njiro, Arusha, enzi za Mahakama ya Rwanda, ile ya UN ya kesi za mauaji ya kimbari, pale jengo la mikutano la AICC. Nyumba moja ya wafanyakazi wake trei mbili za mayai kwa wiki, na bei hawaulizi. Na siyo wao tu. Dada wa kazi vocha kwangu, mlinzi mkate wa jioni kwangu, wa bustani anakopa sigara. Mahakama ilifungwa Desemba 2015, ila watu walishaanza kuondoka kidogo kidogo. Siku lori lilipokuja kwa mama mmoja mteja wangu wa miaka sita, alinilipa mpaka mia mbili ya mwisho, akaniachia na masufuria. Nikalia, na sikulilia masufuria. Dada karudi kwao Singida, mlinzi sijui yuko wapi. Jioni nafungua daftari, kurasa nzima nzima nimezipiga mstari. Mwenye nyumba aliyezoea dola aliweka kibao NYUMBA INAPANGISHWA, kikakaa mpaka jua likafuta namba ya simu.

Boda_Sakina: Kweli mama. Hata sisi tulilala kijiweni.

Mangi_Mdogo: Pole mama. Ila hiyo pesa haikufa, imekwenda kuliwa mji mwingine. Kule kwetu Rombo kihambani mwaka mzima kimya, Desemba magari yanapandana, mbuzi hashikiki bei, fundi anapaka rangi nyumba isiyolaliwa.

Ngaramtoni_Yetu: Ndiyo tabia yenu! Mnachuma Arusha mnajenga Rombo, sisi mnatuachia vumbi.

Mangi_Mdogo: Kodi ya chumba nalipa Rombo? Ada ya watoto? Nyama ya kila Jumapili je? Hesabu vizuri kaka.

Ngaramtoni_Yetu: Nyama robo hiyo.

Baba_Wapangaji: Nyie bishaneni. Mimi mpangaji wangu alihama na milango.

Boda_Sakina: Na nini???

Baba_Wapangaji: Wa jikoni na wa chooni, na bawaba zake. Usiku, mvua inanyesha. Wa mbele aliuacha, nadhani haukuenea kwenye kirikuu. Miezi mitatu alikuwa ananidai subira, kumbe anatafuta bisibisi.

Kibosho_Juu: 😂😂 Mzee, chukua kodi ya miezi sita kabisa.

Boda_Sakina: Miezi sita nani anayo siku hizi? Chukua mwezi mwezi, chumba kisilale.

Mangi_Mdogo: Uza nyumba, nunua ng'ombe.

Ngaramtoni_Yetu: Mama Genge, we weka genge kwenye toroli uwafuate wanakohamia.

Mama_Genge: Nilishawafuata mwanangu, niko Usa River tangu 2017. Wateja wapo. Ila hawa wanauliza bei, halafu wanauliza tena.

Boda_Sakina: Baba Wapangaji, chooni uliweka nini?

Baba_Wapangaji: Pazia.