Tupeane uzoefu: mtoto akikwama kwenye neno jipya

Mwalimu wa Kayole
Tuweke mbinu za darasani, na sababu zake. Chukua "nyang'anya". Mtoto wa Gredi ya 2 huona "nya", anatupia picha jicho, anabahatisha "nyama". Ziba picha. Funika neno kwa kadi, fungua *nya* pekee. Kisha *nya-ng'a*, aanze tena mwanzoni. Ndipo *nyang'anya*. Akitaja silabi moja moja bila kuziunga, akifika ya tatu ile ya kwanza imeshamtoka. Ritifaa, kile kialama cha ' kwenye ng', nayo muonyeshe kwa kidole. Akiiruka anapata "nyanganya", kitu ambacho hajawahi kukisikia popote.

Mama Wawili, Umoja
Si umtajie tu yaishe?

Mwalimu wa Kayole
Hapana, mama. Kule kulitamka mwenyewe ndiko kunakolibandika neno. Mtafiti wa usomaji David Share alilieleza hilo mwaka 1995: mtoto akigeuza herufi kuwa sauti na kulipata neno, ubongo unahifadhi mpangilio wa herufi pamoja na sauti yake. Akirudia mara chache, wengi hulitambua kwa jicho tu. Ghala lenyewe liko upande wa kushoto, chini, kuelekea kisogoni. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, waliwafunza watu wazima maneno ya kubuni. Baada ya mazoezi sehemu hiyo iliyapokea kama maneno halisi. Basi hesabu moja hadi tano kimoyomoyo kabla ya kumsaidia. Maana umwambie papo hapo, la sivyo anatamka kama kasuku.

Tichaa wa Kawangware
Na mtoto anayechanganya b na d? Huo si uzembe jamani. Ubongo unajua kikombe ni kikombe hata mkono wake ukigeukia kushoto. Herufi ndizo zinazokataa: ukiigeuza b inakuwa d. Usizifundishe wiki moja. Aandike b (si B) kwa ukubwa ubaoni huku akiitamka, hadi asiikosee, ndipo ulete d.

Mwalimu wa Kayole
Kweli. Halafu hapa Nairobi anasoma lugha mbili kwa siku: "pole", "wake" na "mate" zimo Kiswahili na Kiingereza, matamshi tofauti. Taja lugha kabla hajaanza kusoma.

Tichaa wa Kawangware
Na m ya "mtoto" ni silabi kamili: m-to-to, makofi matatu. Akisoma "mutoto", afumbe midomo kwanza, avumishe m, ndipo aifungue kwa *to*.