Naomba ushauri: mtoto mmoja, ofisi nne, hakuna wa kuziunganisha

Wakuu, habari za leo. Niko Uyole, Mbeya. Namlea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 11, ana mtindio wa ubongo na kifafa. Hospitali wanampa dawa, mazoezi ya viungo ni kwingine, shule haimpokei mpaka apimwe, na ustawi wa jamii wanasubiri barua ya shule. Kila meza naanza upya: alizaliwaje, degedege lilianza lini. Bahasha ya makaratasi yake imeshachanika pembeni. Wiki iliyopita kifafa kilimshika ndani ya bajaji tukitoka kliniki. Nikamlaza ubavu, dereva akasimama pembeni mpaka akatulia. Usiku ule sikulala.

Najua Sheria ya Mtoto ya 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto. Ninachokosa ni mtu wa kuwakalisha pamoja daktari, mwalimu na afisa ustawi, wapange jambo moja.

Nianzie kwa mtendaji wa kata au nimwandikie mkurugenzi moja kwa moja? Kuna aliyesaidiwa kupitia namba 116, ile simu ya msaada kwa watoto, kwa suala kama hili? Shule zinafungua Januari, nataka naye avae sare.