Narudi Santorini kwa siku nne, bila gari: nipange vipi?

Mshoni_Bahari: Wadau, habari zenu. Mara ya kwanza nilishuka kisiwa hiki cha Ugiriki na meli ya kitalii, masaa machache tu, nikaishia miji ya Fira na Oia. Narudi mwishoni mwa Septemba kwa feri kutoka Piraeus, bandari ya Athens. Siendeshi gari. Ninachotaka ni volkano yenyewe na magofu ya mji wa kale wa Akrotiri. Nilale wapi?

Kipima_Upepo: Lala Fira, mkuu. Mabasi karibu yote huanzia na kuishia hapo. Ukilala Oia, kwenda Akrotiri ni mabasi mawili. Halafu feri haiji bandari ile ya zamani yenye punda na gari la kamba. Inafunga gati Athinios, chini ya jabali, na basi la Fira pale hujaa upesi, kwa hiyo picha baadaye. Feri ya kawaida ni kama masaa 7 hadi 8, ya kasi kama 5. Upepo ukichachamaa, za kasi ndizo husitishwa kwanza. Usipange ndege ya Athens siku ileile unayotoka kisiwani.

Jiwe_Jeusi: Volkano iliyo hai unayoweza kuikanyaga ni kisiwa kidogo cha Nea Kameni, katikati ya kaldera (shimo kubwa la volkano lililojaa bahari), ililipuka mara ya mwisho 1950. Mashua hukuacha gatini, unapanda kama nusu saa juu ya kokoto zinazoteleza. Kivuli hakuna hata cha dawa. Vaa viatu vilivyofungwa, si ndala.

Ziara nyingi hupitia pia chemchemi za Palea Kameni, kisiwa jirani. Watu hudhani watatumbukia kwenye maji ya moto. Kumbe mashua husimama mbali, unaogelea kwanza maji baridi ndipo ufikie ya uvuguvugu. Kama huogelei vizuri, baki mashuani. Nguo nyeupe ya kuogelea usiivae: chuma kilichomo majini huiachia madoa ya rangi ya kutu.

Mshoni_Bahari: Shukrani. Na Akrotiri, nusu siku inatosha?

Udongo_wa_Kale: Inatosha, ila si peke yake. Mji ulifukiwa na majivu zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na kuta zimebaki hadi ghorofa za juu, lakini michoro yake imeondolewa. Mingine iko jumba la makumbusho ya kale pale Fira, mingine Athens. Anza Akrotiri asubuhi mlango unapofunguliwa, kabla ya makundi, kisha makumbusho. Ukigeuza, utatazama michoro bila kujua ilikaa ukuta upi. Magofu yamefunikwa paa, kwa hiyo hata siku ya jua kali utapumua.

Ufuo Mwekundu uko karibu, dakika chache kwa miguu. Utazame kutoka juu tu, mawe huporomoka.

Kipima_Upepo: Siku ikibaki, tembea Fira hadi Oia, kama kilomita 10, masaa 3 hadi 4. Anza alfajiri na lita mbili za maji, maana baada ya kijiji cha Imerovigli maduka ni ya kuhesabu. Urudi kwa basi kabla ya machweo. Jua likishazama, foleni ya Oia si ya kawaida.