Makaa ya Kwasasi na barafu ya Aktiki: kweli yanahusiana?

Mwalimu wa Mkomani
Kila umeme ukikatika hapa Amu, yaani Lamu, hoja ile ile inarudi barazani: kwamba tulijiponza wenyewe mwaka 2019, leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi ilipofutwa na jopo la rufaa za mazingira. Megawati 1,050 tumezikataa, wanasema, kisa barafu ya Aktiki, huko ncha ya kaskazini ya dunia. Mimi nilipinga mtambo ule na bado napinga. Lakini hii barafu wengi wetu tunaitaja tu, ukubwa wa jambo lenyewe hatuujui. Naiweka hapa tuichambue, na mwenye kupinga apinge.

Setilaiti zinaipima barafu ya bahari ya Aktiki mfululizo tangu 1979. Hutanuka majira ya baridi, na kila Septemba hufikia kiwango chake cha chini kabisa. Mwanzoni mwa vipimo, Septemba ilikuwa ikibaki kama kilomita za mraba milioni 7. Septemba 2012 zilibaki milioni 3.4. Kilichopotea hapo ni kama Kenya sita. Unasoma, unaguna, unalala usingizi wako; Kenya sita nani atazitia kichwani?

Ndiyo maana mimi naipenda hesabu ya wanasayansi Dirk Notz na Julienne Stroeve, iliyotoka katika jarida la Science mwaka 2016. Waliipanga barafu ya Septemba kando ya jumla ya kaboni dioksidi, hewa ya moshi inayoipasha dunia joto, ambayo binadamu ameshaitoa, wakaona vinakwenda sambamba: kila tani moja inaondoa mita 3 za mraba za barafu hiyo. Hapo ni mkeka wa futi sita kwa tano na kitu. Sasa njoo kwetu. Lita ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 za kaboni dioksidi, kwa hiyo lita 430 hivi ni tani. Boti ya Mokowe inayokula lita 20 kwa siku inamaliza mkeka wake kwa wiki tatu. Mtambo wa Kwasasi, ukifanya kazi karibu muda wote, ungetoa kama tani milioni 8 kwa mwaka. Zidisha kwa tatu: kilomita za mraba 24 za barafu, mwaka baada ya mwaka. Ukidumu miaka 25 ni kilomita za mraba 600, karibu fungu moja la kumi la kaunti yetu nzima, na hilo ni bomba moja la moshi.

Nahodha wa Matondoni
Mwalimu, salaam aleikum. Hesabu zako sina neno nazo. Ila barafu ya baharini inaelea, na kinachoelea kimeshachukua nafasi yake majini. Ikiyeyuka yote leo, maji hayapandi. Sasa bamvua likija na maji yakaingia barabara ya pwani mpaka milangoni mwa watu, barafu yako inaingiaje hapo?

Kijana wa Hindi
Ami Nahodha amemaliza kazi, lakini na mimi wa huku mji wa Hindi, bara ya Lamu, niongeze. Kwanza, jopo halikufuta leseni kwa sababu ya barafu. Lilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Msituchanganyie mambo. Pili, Kenya nzima haifikishi tani milioni 30 za kaboni dioksidi ya mafuta na makaa kwa mwaka, na dunia inapita bilioni 35. Uingereza imechoma makaa tangu zama za mababu wa mababu zetu, leo imetajirika, imefunga mtambo wake wa mwisho 2024, ndiyo inatufundisha adabu? Tatu, barafu ya bahari ya Antaktika, ncha ya kusini ya dunia, mwaka 2014 ilivunja rekodi kwa KUWA KUBWA. Hiyo mbona hamuisemi?

Mwalimu wa Mkomani
Waaleikum salaam Nahodha. Ni kweli, barafu inayoelea haipandishi maji, na anayewaambia watoto shuleni vinginevyo anawapoteza. Maji yanapanda kwa njia mbili kubwa: bahari yenyewe ikipata joto inatanuka, na barafu ya nchi kavu inashuka baharini. Tangu 1901 bahari za dunia zimepanda wastani wa sentimita 20, na kasi inaongezeka. Kati ya 2006 na 2018 ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Bamvua lilikuwapo tangu na tangu, ila sasa linaanzia juu zaidi. Barafu ya Aktiki kazi yake ni nyingine. Ikiwa na theluji juu, inarudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua ulikotoka. Ikiondoka, inabaki bahari ya giza inayomeza zaidi ya asilimia 90 ya mwanga ule. Hiyo ni sababu mojawapo ya Aktiki kupata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979. Na jirani yake ni kisiwa cha Greenland, ambacho barafu yake ya nchi kavu ikiisha yote, jambo la karne nyingi, bahari itapanda mita 7.

Mdogo wangu wa Hindi, la jopo umesema kweli, ingawa liligusa pia kwamba sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. La Antaktika pia ni kweli, ila umekatisha hadithi njiani. Februari 2023 barafu ya huko ilishuka mpaka kilomita za mraba milioni 1.79, ndogo kuliko zote tangu setilaiti zianze. Na hizo tani chini ya milioni 30 ulizozitaja mwenyewe: Kwasasi peke yake ingeongeza milioni 8 juu yake. Hapo udogo wetu unaanza kuwa kisingizio.

Binti Shela
Nyote mnanichosha kidogo. Mimi nauza samaki. Mkimwambia mvuvi wa Kizingitini habari za Aktiki atawaitikia kwa heshima, kisha atasuka wavu wake. Mwambieni matumbawe. Mwaka 1998 maji yalipopata joto, matumbawe yalipauka pwani nzima ya Kenya, na mengi yakafa. Mzee yeyote aliyekuwa akizamia kamba anakumbuka miamba ilivyokuwa myeupe, kisha ikaota majani kama kaburi lisilotazamwa. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linaingia baharini, na sisi baharini ndiko tunakokula. Mwalimu, hoja yako ni sahihi lakini umeichukua mbali mno.

Mwalimu wa Mkomani
Dada, matumbawe yanaonyesha pigo. Hayanionyeshi ni moshi wa nani uliopiga. Mkeka unanipa kiasi, kwa tani, na kila mtu anaweza kukokotoa wake.

Kijana wa Hindi
Basi tukokotoe wa kila mtu. Meli zinazofunga gati bandari mpya, ndege za watalii zinazotua Manda, majenereta ya hoteli usiku kucha. Au mikeka inahesabiwa kwa makaa yetu tu? Weka hizo hapa, halafu tuone nani atasema zifungwe.

Nahodha wa Matondoni
Hapo kijana ana haki.

Mwalimu wa Mkomani
Anayo. Kwa meli na majenereta nahitaji lita za dizeli. Kila lita ni kama kilo 2.7. Mwenye kufanya kazi gatini au hotelini atupe lita, bila kutaja jina la mwajiri wake. Ila kijana, umeme wa Kenya karibu asilimia 90 tayari unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Ukinionyesha kwamba giza la Hindi linatokana na uhaba wa makaa, si nguzo na nyaya, nitakusikiliza.